Karakana ya kusaga injini Mwanjelwa: tulipopeleka Peugeot 404 ya mbio ya mjomba

Kwa wanaotaka jibu la haraka: kama una injini ya zamani, ile ambayo ukitaja jina lake kwenye duka la spea muuzaji anacheka kwanza, na unatafuta mtu wa kusaga kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), kusawazisha hedi (kifuniko cha juu cha injini) na kukata siti za valvu bila kuharibu kile kidogo kilichobaki, nenda. Kama una haraka, usiende. Na kama una Toyota ya kawaida ambayo injini nzima ya mtumba inapatikana mjini, hesabu vizuri, huenda kusaga kukakugharimu zaidi ya kubadilisha.

Karakana haina bango. Iko Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, nyuma ya safu ya maduka ya spea, na ukimuuliza muuza gasketi yeyote wanaosaga kranki wako wapi atakuonyesha kwa kidevu. Ndani kuna mashine ndefu ya kusagia kranki iliyopakwa rangi ya kijani zaidi ya mara moja, mashine mbili za kukereza chuma, moja ya kusawazishia hedi, na meza yenye vipimo vilivyofunikwa kitambaa. Hicho kitambaa kikumbuke, ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Gari ni la mjomba wangu, kaka yake mama. Peugeot 404, saluni, ya kabureta. Alilinunua likiwa limeshatumika, akang'oa kiti cha nyuma, akafunga bamba la chuma chini ya injini, akaongeza taa mbili mbele na kuanza kulikimbiza na wenzake kwenye barabara za vumbi za huku kwetu. Ni enzi zile ambazo kila kijana aliyeshika usukani alijiona Bert Shankland. Vijana wa sasa hawamjui. Alikuwa mkazi wa Tanzania, akashinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1966 na kurudia 1967, mara zote mbili kwa 404, Chris Rothwell akimsomea njia. Mwaka 1968 Nick Nowicki akashinda kwa 404 tena, safari hiyo mvua ilinyesha mpaka yakafika magari saba tu kati ya 93 yaliyoondoka. Za Shankland zilikuwa za injeksheni. Ya mjomba ina kabureta ya Solex na nguvu za farasi 72 kwa hesabu za kiwandani, na kwa huu mwinuko wetu wa Mbeya wa zaidi ya mita 1,600, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, ukizipata farasi 60 ushukuru. Mjomba hakuwahi kushinda lolote la maana. Anasema mwenyewe, na anaposema hivyo anatabasamu kama aliyeshinda.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 spea zikapotea, gari likachemsha likitokea Chunya, likavutwa hadi nyumbani Uyole na kuwekwa juu ya mawe. Likabaki hapo. Kuku walitagia kwenye buti, watoto wa ukoo mzima tulijifunzia usukani humo bila injini kuwaka. Mwaka jana mjomba akaniita, akasema, "Mama, nataka nilisikie tena kabla macho hayajaisha." Yeye ana magoti mabovu na kumbukumbu nzuri. Mimi nauza pembejeo, nimezoea kufungua injini za pampu za maji na mashine za kupulizia dawa, na mgongo bado unakubali. Tukagawana: yeye kwenye kigoda na kikombe cha chai, mimi chini ya gari.

Kabla ya kufika Mwanjelwa tulipita kwingine, sitapataja. Kijana wa pale aliitazama bloku kwa tochi ya simu, akapitisha kidole ndani ya silinda ya kwanza, akasema, "Hii tunaiboa, mnaenda ovasaizi," yaani wapanue silinda tuweke pistoni kubwa zaidi. Mjomba hakujibu. Alinyanyua upande mmoja wa bloku, mimi nikanyanyua wa pili, tukaondoka.

Sababu yake ni hii, na mwenye 404, 504 au Peugeot nyingine za umri huo aisome vizuri. Bloku ya injini hii haina silinda zilizotobolewa kwenye chuma chake. Ina mashimo makubwa, na ndani yake zinasimama slivu nne, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji ya rejeta moja kwa moja. Zikiisha, unazichomoa kwa mkono na kuweka slivu na pistoni mpya kama seti. Hakuna haja ya kuboa chochote. Kinachohitaji umakini ni mahali slivu inapokalia chini, penye sili yake, na kiasi inachochungulia juu ya uso wa bloku, kwa sababu gasketi ya hedi inaibana slivu yenyewe. Ikichungulia kidogo mno, maji yanaingia kwenye oili. Zikitofautiana urefu, hedi inakaa upande. Kwa hiyo mtu anayetaka kuboa injini kama hii kabla ya kuuliza ni ya nini, hata mashine yake ingekuwa mpya kutoka Ujerumani, mshukuru na uondoke.

Sasa Mwanjelwa. Fundi mkuu ni mtu wa makamo, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa waya sikioni. Alimwamkia mjomba, akatuvutia mabenchi, kisha akauliza swali ambalo kule kwingine hatukuulizwa: "Mzee, hii ilikufaje?"

Mjomba akasimulia Chunya. Mshale wa joto, harufu, mvuke kwenye boneti. Fundi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi tuanze na hedi, bloku haina kosa." Akafunua kile kitambaa.

Hedi ya 404 ni ya alumini, na alumini ikichemshwa hujipinda. Akaiweka chali, akalaza rula nene ya chuma juu ya uso wake, kwanza kwa urefu, kisha kona kwa kona, na kila mara akajaribu kupenyeza vile visahani vyembamba vya filageji chini ya rula. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, kisahani kikapita bila kusukumwa. Akaniita nikipitishe mwenyewe. Akaandika kwa penseli juu ya kipande cha boksi: imelala katikati, kiasi gani, upande gani. Ndipo akasema atakachofanya: atakwangua kiasi cha kuondoa upinde huo tu, hata kama kutabaki doa moja jeusi la kutu lisilofika kwenye njia ya gasketi. Nikamuuliza kwa nini asisafishe yote ipendeze. Akasema ukiondoa nyingi unabana chumba cha moto, kompresheni inapanda, na valvu zinasogea karibu na pistoni. Injini hii vyumba vyake vya moto ni nusu duara, valvu zimeinama pande mbili, si mahali pa kukwangua kwa kupenda.

Slivu alizipima kwa geji ya ndani yenye mshale, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili, kwa mapana ya pistoni na kwa upande wa pili. Kipimo cha kiwandani ni milimita 84. Chini zote zilikuwa hapo hapo. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, moja ilikuwa 84.19 na nyingine zinaifuatia, na ilikuwa na umbo la yai kidogo. Kutumia tena haiwezekani. Mjomba alikuwa na matumaini zitapona, nikaona uso wake. Fundi naye aliona, akageuza geji upande wake ili mzee asome mshale mwenyewe. Hakumbishia kwa maneno. Mzee akasoma, akavua miwani, akasema, "Haya, tununue."

Hapo pana jambo moja lililoniudhi na lazima niliseme. Kila swali nililouliza siku za mwanzo lilijibiwa kwa mjomba. Mimi nauliza, jibu linaenda kulia kwangu. Sikugomba. Tulipofika kwenye kranki nikauliza kama jiwe lao la kusagia limechongwa pembe ya mviringo, maana kranki ikisagwa ikabaki na kona kali pale jenali, sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi, inapokutana na ukuta wake, ndipo ufa unapoanzia. Fundi akanyamaza, akanigeukia mimi.

"Dada, wewe umesomea ufundi?"

"Nauza mbolea."

Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo majibu yalikuja kwangu, na mara nyingine alinipigia simu mimi badala ya mzee. Vijana wake wawili walichukua muda zaidi, ila nao walifika.

Kuhusu kranki, hii ndiyo sehemu inayoitofautisha karakana hii na nyingi nilizoziona kati ya hapa na Makambako. Walikataa kusaga. Tulipeleka kranki, wakaipima, wakasema inakubali kushuka hatua ya kwanza, robo milimita, kisha wakaifunga kwenye gunia lenye grisi na kuturudishia. "Leteni beringi kwanza." Maana yake: ukisaga kwenda robo halafu ukagundua duniani zimebaki za nusu tu, umesaga bure, unasaga tena, na kila hatua ni chuma kinachopungua. Na hata beringi zikipatikana, wao wanapima zile zenyewe ndani ya nyumba zake, boliti zikiwa zimekazwa, ndipo wanajua kranki iishie wapi ili nafasi ya oili itoshe. Fundi mwenye njaa ya hela angesaga siku hiyo hiyo. Sisi tulikuwa na hela mfukoni na tulikuwa tayari kudanganywa.

Beringi, seti ya slivu na pistoni, gasketi na sili tuliagiza Ufaransa, ambako 404 bado ina wapenzi wengi na watu wanaotengeneza vifaa vyake. Mtoto wa dada yangu alitusaidia kuagiza kwenye intaneti. Pamoja na usafirishaji na ushuru ilitutoka zaidi ya milioni mbili, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika injini. Karakana haikuongeza hata shilingi kwa kutusubiri.

Huyo kijana ana miaka ishirini na kidogo, na naye alikuwa na ndoto zake. Alitaka gari liwe la dragi. Amekaa akitazama video za magari ya Marekani yanayopiga robo maili, mita 402 zilizonyooka, moshi nyuma, taa za kijani zikiwaka mtu anaruka. Akatuletea mpango mzima: matairi mapana nyuma, injini nyingine kabisa ya Kijapani, kila kitu kizito kitoke. Mjomba akamsikiliza kwa heshima zote kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha akamuuliza, "Na difu utafanyaje?"

Difu, ile gia ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye matairi, kwa 404 si kama za magari mengi. Ni ya parafujo: shafti ina uzi kama wa boliti kubwa, na uzi huo unazungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Inaenda kimya, inadumu ukiitunza, lakini haipendi kurukishiwa klachi. Meno ya shaba hayatoi onyo. Na oili yake ni ya kuchagua, zile za kisasa zenye salfa nyingi za kuzuia msuguano hula shaba taratibu. Kwenye mbio za mita 402 kila kitu kinategemea sekunde ya kwanza, nguvu yote ya injini ikiangushwa kwenye difu kwa mkupuo. Kwenye mbio za Safari gari lilitakiwa lifike, siku kadhaa, maelfu ya kilomita, tope na mawe. Hili lilitengenezwa kufika. Kijana akauliza basi tubadilishe difu. Mjomba akasema ukibadilisha difu na injini, utakuwa umenunua milango minne ya Peugeot. Mjadala ukafungwa, ingawa nimemwona kijana akiitazama Corolla ya jirani kwa jicho lile lile.

Beringi zilipofika karakana ikaanza kazi, na hapa ndipo nyota moja inapopungua. Waliahidi Ijumaa. Ijumaa ya wiki gani, hilo walituachia sisi. Mashine ya kranki inataka umeme wa fezi tatu, na kipindi kile umeme ulikuwa unakatika mchana. Hilo nalielewa, mashine ikizima jiwe likiwa juu ya jenali, kranki inaweza kuharibika, bora wasianze. Ila kuna siku umeme ulikuwepo kutwa na nikakuta kranki yangu kwenye gunia lake na juu ya mashine kuna kranki ya lori la mtu wa Tunduma. Malori yanayobeba mizigo ya Zambia ndiyo yanayowalisha, yakisimama siku moja mwenye gari anapiga simu kila saa. Mwenye gari lililokaa juu ya mawe miaka arobaini hana cha kusema. Wiki mbili zikawa karibu miezi miwili. Ninachowalaumu nacho ni kutopiga simu. Kusema "bado" hakugharimu kitu.

Kazi ilipotoka ilikuwa safi. Kranki ilizunguka mkononi mwao kwenye vijiwe vya kupimia na mshale wa geji haukutikisika kiasi cha kuonekana. Jenali zote zilikuwa na kipimo kimoja, na kona zina mviringo, nilipitisha ukucha. Kwenye hedi walikata siti za valvu nane na kusaga valvu zenyewe, kisha kijana mmoja wa karakana akaipindua hedi vyumba vya moto vikitazama juu, plagi zikiwa zimefungwa, akajaza mafuta ya taa kwenye kila chumba. "Kanyweni chai, mrudi." Tulienda Sokomatola kwa supu na chapati, tuliporudi vyumba vitatu vilikuwa vimejaa kama tulivyoviacha na cha nne kimeshuka kidogo. Hakusubiri niseme. Alitoa valvu mbili za chumba hicho, akazisugua upya kwa unga wa kusagia, akajaza tena.

Bei: kranki laki na nusu, hedi na siti za valvu zote laki moja na arobaini, kupima slivu mpya na kukagua jinsi zinavyochungulia kwenye bloku hakuna malipo. Ni ghali kuliko kule tulikokimbia. Risiti hakuna, ila kile kipande cha boksi chenye vipimo vyote walitupa, na mjomba amekiwekea fremu. Sitanii.

Kuna jambo lingine walilotusaidia ambalo halimo kwenye bei. Kwenye injini ya slivu za namna hii, ukishaondoa hedi usizungushe kranki ovyo. Pistoni ikipanda inaweza kuinyanyua slivu, sili ya chini inahama, na hutajua mpaka siku ya kutia maji. Fundi alitukerezea vipande vinne vifupi vya bomba na washa pana, ili tuzibane slivu kwa boliti za hedi wakati tunafunga pistoni. Alivitoa kwenye vyuma chakavu, akafanya kwa muda wa kuvuta pumzi, na hakuchukua hela.

Lakini na hili ulijue: kusafisha ni juu yako. Tulipofika nyumbani mjomba akaniambia nitoe vizibo vya njia za oili kwenye kranki. Nilidhani ni uzee. Nikapitisha waya wenye kitambaa na petroli, kitambaa kikatoka na tope la kijivu, unga wa jiwe la kusagia. Kiasi kile kingeingia kwenye beringi mpya siku ya kwanza. Niliwapigia, fundi akasema kazi yao ni kusaga, na anayefunga ndiye anayesafisha. Ni kweli kwamba fundi anayefunga injini lazima asafishe hata kama ameambiwa imesafishwa. Lakini karakana inayopima kwa uangalifu ule inashindwaje kupuliza njia za oili kwa hewa, na kompresa wanayo pale ukutani? Na kama hawapulizi, basi wamwambie mteja wakati anabeba. Si kila mtu ana mjomba kama wangu.

Tulifunga injini wenyewe, barazani, mwezi wa saba, baridi ya Uyole ikiganda kwenye spana. Injini ya 404 imelala upande nyuzi 45 ndani ya gari, kwa hiyo kila ulichozoea kukifikia kutoka juu unakifikia kwa ubavu, na kila boliti inayokuponyoka inajua pa kwenda kujificha. Mjomba alikuwa anataja kipimo cha kukaza na mpangilio wa boliti za hedi, kutoka katikati kwenda nje, bila kitabu. Nilimkagua kwenye kitabu kimyakimya. Alikuwa sahihi. Lile feni la sumaku ya umeme, linalojiunga lenyewe injini ikipata joto, alitaka tulifunge lizunguke muda wote kama walivyofanya enzi zao za mbio. Nikakataa. Tulibishana siku nzima, mke wake akaingilia kati na kuamua feni libaki kama lilivyotoka kiwandani, basi likabaki.

Likawaka. Halikuwaka mara ya kwanza, pointi za distributa zilikuwa na ukungu wa kutu, lakini likawaka. Oili ikapanda kwenye mshale haraka, na hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya kazi ya kranki. Ripoti ya pili ni barabara ya Tukuyu. Kile kipande cha kupanda kutoka Uyole kupita Igawilo kuelekea Isongole kinakamua gari lolote, malori ya ndizi na viazi yanapanda kwa gia ya kwanza. Tulipanda kwa gia ya tatu, lever yake ikiwa kwenye usukani, mjomba kiti cha pembeni akisoma kona kwa sauti kana kwamba tuna saa ya mashindano. Mshale wa joto ulikaa katikati. Juu tulisimama, nikachomoa kijiti cha oili: safi, hakuna weupe kama maziwa unaoonyesha maji yameingia. Nikafungua rejeta ilipopoa: hakuna mapovu. Kitu pekee kilichonisumbua ni moshi mweusi kidogo, mchanganyiko wa petroli ni mzito kwa hewa ya huku, jeti ya kabureta inataka kushushwa hatua. Hilo si la karakana.

Tangu hapo limeshatembea hadi Iringa na kurudi, likapanda na ule mlima wa kuingilia mjini kutoka Ipogolo, na gasketi haijatoa hata jasho.

Kwa anayetaka kwenda: fika asubuhi, mchana wamezama kwenye malori. Nenda na spea mkononi au usiende kabisa. Peleka kitabu cha gari kama unacho, wanakisoma na wanakipenda. Lipa nusu tu mwanzoni. Usiwape kazi ya kuchomelea bodi hata wakikubali, nimeona mlango wa Defender ya mtu pale nikahuzunika. Kunyoosha bodi yetu kulifanywa na mtu mwingine, na huyo ana maelezo yake.

Nyota nne kati ya tano. Sasa tumewapelekea swali la gurudumu la shaba la difu, maana letu limeanza kuimba kwenye mteremko na jipya halipatikani kirahisi. Fundi amelipima meno, akasema shaba ya kufaa ataipata, ila mashine yake ya kuchongea meno ya umbo lile hana na hatakubali kubahatisha. Anaulizia chuoni, pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kama wanayo. Wakipata nitaongeza maelezo hapa hapa, na bei.